Profeseri na Maneno ya Wageni

Kila mgeni aliyekuja kutuzungumzia habari za kuchora alimkuta Profeseri amesimama mlangoni, shati limenyooshwa kwa pasi ya makaa, mikono ameifunga nyuma. Hakuwa profesa wa chuo chochote. Watu wa Bukavu humwita hivyo mwalimu yeyote wa sekondari, na kwa kuwa aliwahi kufundisha huko, jina likamfuata mpaka Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi nchini Malawi. Sisi tuliotoka Kindu, na wale waliotoka Burundi, tukalipokea kama lilivyo. Sikuwahi kusikia mtu akimwita vingine.

Tulikuwa wanafunzi kumi na wawili, Jumamosi nyingine tisa, katika ukumbi wa kanisa moja la matofali ya udongo, wenye mabati yaliyoanza kulialia jua likipanda. Mimi nilikuwa binti wa pekee kutoka nyumba ya Kiislamu. Baba, aliyekuwa akiuza sabuni na sukari kwenye kibanda chake, aliniruhusu kwa sharti kwamba siku nyingine zote nishinde kwenye cherehani, nikijifunza kwa fundi. Hatukuwa na vitabu vya sanaa, na hakuna kati yetu aliyewahi kuingia mahali picha zinapotundikwa ili watu waje kuzitazama. Shule yetu ilikuwa wageni. Profeseri aliwatafuta Lilongwe, akiwabembeleza kwa barua na kwa simu za kuazima, mchoraji huyu, mchongaji yule, na baada ya mwezi au miwili mmoja wao angeshuka kwenye kabaza, baiskeli ya abiria, mbele ya ukumbi, vumbi hadi kwenye nyusi, akijiuliza amefuata nini huku.

Alikuwa na kanuni zake. Ya kwanza, michoro yetu tuiweke chini ya mabenchi mpaka mgeni amalize kusema. Alisema mgeni akiiona mapema ataanza kutusifu kwa sababu anatuonea huruma, na akishasifu hatakuwa na la kutufundisha. Ya pili, mgeni akiondoka, hakuna kuzungumza. Kila mmoja aandike mistari mitatu: mgeni amesema nini, mikono yake ilikuwa inafanya nini alipokuwa anasema, na kitu gani hakukisema. Huo mstari wa tatu ndio aliousoma kwanza. Angeweza kurusha karatasi yako mezani bila kuangalia mingine.

Nakumbuka mchoraji mmoja aliyetuambia kwamba hapitishi siku bila kushika rangi. Juvenali, mwenzetu mrefu kutoka Burundi, akaandika kwenye mstari wa tatu kwamba kucha za mgeni ni safi sana. Profeseri alicheka mpaka akafuta macho kwa mkono wa shati, kisha akageuka mkali, akasema mtu anaweza kunawa. Mara nyingine alikuja mama mchongaji anayetengeneza wanyama kwa minyororo ya baiskeli. Kila alipotaja kitu alikuwa ameshakigusa: benchi, nguzo, bega la aliyekaa karibu. Niliandika hivyo, na Profeseri akaisoma karatasi yangu kwa sauti mara mbili. Kwa wiki nzima nilijiona mtu mkubwa.

Wageni wengi walizungumza Kiingereza. Sisi tulikuwa na Kifaransa cha darasani na Kichewa cha sokoni, basi Profeseri alitufasiria, akisimama nusu hatua nyuma ya mgeni, upande wa kushoto. Tafsiri zake zilikuwa mchezo wetu. Mgeni angesema dakika mbili nzima, na Profeseri angetupa maneno matano. Mgeni angejibu neno moja tu, naye angeendelea mpaka mgeni aanze kumtazama kwa wasiwasi. Tuliamini huo ndio ustadi, kwamba anakamua maneno na kutuletea maji yake.

Siku moja alikuja mgeni aliyetaka kila mmoja wetu achore kile alichokikimbia. Profeseri akatugeukia.

"Anasema muchore kile mulikula leo asubuhi."

Tukachora uji. Tukachora viazi vitamu, mandazi, sahani tupu. Yule mgeni alipita kati ya mabenchi akiangalia karatasi moja baada ya nyingine, akatafakari sana, akaandika kitu kwenye daftari lake. Alipoondoka, Profeseri mwenyewe ndiye aliyetuambia alichoombwa hasa. Alisema yale tuliyoyakimbia ni yetu, tutayachora siku tukitaka sisi, si kwa kuagizwa kama sambusa. Tulicheka sana. Hakuna aliyejiuliza ni mara ngapi alikuwa amefanya hivyo.

Alikuwa mtu wa kupingana na nafsi yake. Alitukataza kunakili picha za watu wengine, lakini chakula chake kilitokana na mabango ya saluni, na nyuso zote za mabango hayo alizitoa kwenye kurasa za magazeti ya mitindo ya nywele, kope kwa kope. Alihubiri uvumilivu, naye hakuwahi kumaliza mchoro wake mmoja wa kujifurahisha. Kila niliouona ulikuwa na mtu asiye na miguu au nyumba isiyo na upande mmoja. Na jambo nililolishangaa zaidi baadaye ni hili: hakuwahi kutoa maoni yake. Ukimpelekea kazi, ukamwuliza kama ni nzuri au mbaya, angeishika mbali, angeigeuza kwenye mwanga, angekurudishia.

"Tungojee mugeni," angesema.

Nilidhani ni unyenyekevu.

Katuni alizidharau. Alisema michoro inayokimbia ni ya kuwanyamazisha batoto. Kisha, miaka ile simu za kugusa zilipoanza kuingia kambini, akaja kwetu mwanamke Mmalawi wa Lilongwe aliyekuwa akitengeneza katuni za televisheni, zile za kufundisha watu kutumia neti za mbu. Sisi tulimwita Madamu wa katuni. Alikuwa mfupi, mwenye sauti ya chini, na hakukubali kukalia kiti alichowekewa.

Alichukua ndoo tupu ya kudekia, akatembea nayo kutoka mlangoni hadi mbele. Akatoka nje, akaijaza maji, akarudi nayo kwa njia ileile. Akauliza tumeona nini. Mmoja akasema bega limeshuka, mwingine akasema mkono wa pili umeenda hewani. Akakubali yote, kisha akasema tumeacha lililo kubwa. Safari ya pili ilichukua muda zaidi. Mtu aliyebeba kitu kizito anahitaji michoro mingi zaidi kati ya hatua na hatua, na anayetazama ataujua uzito wa maji hata kama ndoo yenyewe umeichora vibaya. Mimi niliyeteka maji tangu utotoni nilihisi kama nimeambiwa habari za mwili wangu na mtu anayeujua kuliko mimi.

Yule aliyemgusa zaidi, hata hivyo, alikuwa Profeseri. Wiki ile alionekana kila mahali na daftari la shule, pembeni mwa kila ukurasa amechora kuku anayedonoa. Alisimamisha watu kwenye foleni ya maji, akawapeperushia kurasa mbele ya pua. Kuku alikuwa anachechemea kwa sababu Profeseri aliruka mchoro mmoja. Alipoambiwa, alijibu kwamba huyo ni kuku mlemavu, na ana haki ya kula kama wengine.

Jumamosi iliyofuata Madamu alirudi. Nilikuwa nimechora mama anayesukuma mpini wa mjigo, pampu yetu ya maji, michoro thelathini na sita kwenye karatasi za kukatia mitindo za fundi cherehani wangu, yote hiyo kwa sekunde tatu tu. Alizipeperusha mara tatu. Akazungumza muda mrefu, kwa sauti ndogo, akimwangalia Profeseri badala ya kuniangalia mimi. Profeseri alikuwa akiitikia kwa kichwa. Mwishoni akanigeukia.

"Anasema mukono yako inaona bitu macho haiyaona. Anasema usiache. Mwaka mbili, tatu, ukifanya kila siku, utakuwa mutu wa ile kazi."

Nikamwuliza kama kweli amesema hivyo.

"Njo vile anasema."

Jioni niliandika mistari yangu mitatu. Kwenye wa tatu niliandika kwamba Madamu hakutabasamu hata mara moja. Niliona jambo hilo, nikaliandika, na sikulielewa.

Fundi wangu wa cherehani alikuwa amekwisha kumwambia baba kwamba yuko tayari kunifanya mshirika wake. Nikakataa. Baba hakusema nami kwa siku mbili. Siku ya tatu alifunga kibanda mchana, jambo alilolifanya kwa ajili ya misiba tu, akaenda kwa Profeseri kumwuliza uso kwa uso kama yule mgeni alinena yale niliyoyaeleza. Nilikuwepo. Profeseri alikuwa ameshika kikombe cha chai. Aliyarudia maneno yote bila kukosea hata moja, mkono, macho, mwaka mbili, tatu. Baba alikuwa mtu wa biashara, aliheshimu neno la mwenye ujuzi wake. Alimshukuru, akarudi akafungua kibanda, na hakulizungumzia tena suala la cherehani.

Mwaka uleule Juvenali naye aliondoka. Mchoraji mmoja kutoka Lilongwe aliangalia picha zake za turubai, na kwa kinywa cha Profeseri akamwambia kwamba ameiva, kambi imekuwa ndogo kwake. Juvenali alikuwa amebakiza mwaka mmoja kumaliza sekondari. Aliacha, akafunga turubai zake kwenye shuka, akaenda kuziuza karibu na posta ya Old Town, Lilongwe. Tulimsindikiza hadi barabarani, na Profeseri ndiye aliyembebea mzigo.

Mimi nilichora kila siku. Si miaka miwili wala mitatu. Ilichukua mitano kabla mtu yeyote hajanipa kazi. Nilijifunza kupiga picha za michoro kwa simu, moja moja, nikatengeneza filamu ya dakika moja ya foleni ya mjigo, na kwa filamu hiyo nikapata kibarua katika karakana ndogo ya katuni Lilongwe. Nilipanga chumba Kauma. Nilikuwa na miezi minne pale alipokuja kufanya kazi nasi Madamu yuleyule, ameongezeka unene, sauti ileile ya chini.

Kwa wakati huo Kiingereza changu kilinitosha. Tulipokuwa tunakunywa chai nikamweleza nilivyo mwanafunzi wake, nikamtajia yale maneno aliyoniambia Dzaleka, ambayo niliyakariri kama mtu anavyokariri dua. Aliweka kikombe chini. Alinitazama kwa namna ambayo nilijua kabla hajafungua mdomo.

Alikumbuka siku ile vizuri, kwa sababu ilimwumiza. Alisema alimwambia mwalimu wangu kwamba michoro yangu ni migumu kama mbao, kwamba haoni dalili ya mchoraji wa katuni, na kwamba karatasi zile zilikatwa kwa mkono wa fundi wa nguo. Basi nisaidiwe kuwa fundi wa nguo. Alisema pia kwamba haikuwa vizuri kuwapa vijana wa kambini matumaini ya kazi ambazo hata Wamalawi hawazipati. Akaniomba radhi. Sikujua ananiomba radhi ya nini, kwa kuwa alisema kweli.

Sikuweza kufanya kazi siku ile. Jambo lililonichoma halikuwa kwamba nilikuwa mchoraji mbaya. Nilimwona tena akilini baba akifunga kibanda chake mchana.

Profeseri alikuwa amehamia Chinsapo, palepale Lilongwe, akiandika mabango. Nilimkuta Jumapili, baada ya ibada, anapaka rangi ubao wa duka la dawa uliolala kwenye matofali mawili. Alikuwa amekonda na nywele zimemwisha, ila shati lilikuwa limenyooka. Alifurahi, akaniita binti yake, akaagiza niletewe soda. Sikungoja soda. Nikamwambia nafanya kazi na Madamu wa katuni.

Aliendelea kupaka herufi moja mpaka akaimaliza. Kisha akaweka brashi ndani ya kopo.

"Alisema bichoro yako iko kama mbao," akasema. "Na ilikuwa kama mbao, kweli."

Nikamwuliza kwa nini alinidanganya. Nikamwuliza kwa nini alimdanganya baba yangu, mbele yangu, na kikombe mkononi. Alijaribu kunieleza. Alisema yeye mwenyewe alikuwa ameiona kazi yangu wiki nzima na akaamini kuna kitu, lakini neno lake lingekuwa na uzito gani, mkimbizi mwandika mabango? Neno la mgeni lilikuwa na uzito. Basi alichukua neno lake akalitia kinywani mwa mgeni. Nikamwambia kwamba hakuwa na haki. Niliona kwamba nilichomwambia alikuwa ameshajiambia.

"Kwako we, ilitoka muzuri," akasema mwishoni. "Njo maana uko nakuja kuniuliza na hasira. Juvenali hakukujaga kuniuliza."

Akanieleza yaliyobaki bila mimi kuuliza. Mchoraji yule alikuwa amesema Juvenali amalize shule kwanza, kwamba turubai zake hazitapata mnunuzi mjini. Hazikupata. Sasa Juvenali alikuwa katika soko la Tsoka, akiuza viatu vya kaunjika, yaani mitumba, na Profeseri alikuwa akinunua rangi zake katika soko lilelile kwa kuzunguka upande wa nyuma, karibu mwaka wa tatu, ili asipite mbele yake. Tangu alipomwona pale mara ya kwanza hakuwa amemfasiria mgeni yeyote tena. Hiyo ndiyo sababu ya kuhama kambini. Watu walidhani alifuata kazi.

Nilikuja nikiwa na hasira yangu peke yake, na sasa sikujua niiweke wapi. Nilimwambia twende kwa Juvenali. Akasema siku nyingine. Nikamwambia nimeomba ruhusa ya kesho kazini, nitampitia asubuhi. Sikuwa nimeomba ruhusa yoyote.

Asubuhi yake tulipanda minibasi hadi Old Town. Tsoka ilikuwa imejaa, watu wakipita kwa mabega, na ilibidi nimshike mkono kwa sababu alikuwa anapunguza mwendo kila tulipokaribia safu ya viatu. Juvenali alikuwa anasugua raba nyeupe kwa mswaki. Alikuwa mrefu vilevile. Alitutambua, akainuka, akamsalimu Profeseri kwa mikono miwili kama tulivyofundishwa.

Profeseri hakuzunguka. Alisema palepale, amesimama, watu wakimgonga mgongoni, kwamba ile siku yule mchoraji hakusema vile. Alisema umalize shule. Alisema picha hazitauzika. Mimi njo nilisema uende, akasema, mimi tu. Sauti yake ilikuwa ndogo mpaka mteja mmoja aliyekuwa anajaribu kiatu akainua kichwa.

Juvenali alimsikiliza mpaka mwisho, mswaki mkononi.

"Profeseri, mi nilisoma primeri Uganda," akasema. "Kizungu nilikuwa naskia. Ile siku niliskia yote yenye alisema."

Profeseri alimtazama kama mtu asiyejua lugha inayosemwa.

"Sasa juu ya nini ulienda?"

"Nilikuwa nataka kwenda. Nilikuwa natafuta mutu mukubwa mwenye atasema niende, mama yangu aniachilie. We njo ulisema." Alikung'uta mswaki kwenye goti. "Sikukujaga kukuuliza juu sikukuwa na swali. Nilikuwa tu na haya, nikikuona uko nazunguka kule nyuma. Nilikuwa nazani unanichukia juu ya kushindwa."

Mteja akauliza kwa Kichewa kama kuna saizi kubwa zaidi, Juvenali akainama kutafuta ndani ya gunia, akampa, akamwambia zikomo, asante, alipoondoka. Aliporudi kwetu alimkuta Profeseri bado amesimama mahali palepale, kwenye jua, mikono haijui pa kwenda. Juvenali akavuta marobota mawili, akalaza moja juu ya jingine chini ya turubai lake la kivuli, akayapigapiga kwa kiganja.

"Kaa," akamwambia.

Profeseri akakaa. Nilisubiri nione kama kuna zaidi, lakini Juvenali alikuwa ameshaanza kuita wateja, na Profeseri, baada ya kitambo, akachukua raba moja yenye tope, akaomba mswaki. Nikawaaga. Nilifika karakana saa nne na nusu, nikamwambia Madamu nilikuwa Tsoka na mwalimu wangu, akaniuliza hali yake, nikamwambia anasafisha viatu.